Poti ya kuvuta kwenye gitaa la umeme: pima tundu kwanza, namba baadaye

Nilisubiri kifurushi wiki tano. Ndani yake zilikuwamo poti mbili za kuvuta zilizoandikwa A500K, na nilikuwa nimezilipia pesa ya nyuzi za mwaka mzima. Nikawasha pasi ya kulehemu kabla hata sijafungua gitaa. Nilipolifungua, poti ikagoma kuingia: tundu la gitaa lilikuwa la mm 8, bushi ya poti (shingo yake yenye hesi inayopenya tundu) mm 9.5. Kwa hasira nikachukua tupa ya duara, nikapanua tundu na kuchubua rangi pembeni. Ikaingia. Sasa mfuniko wa nyuma ukakataa kufunga, maana kitako cha poti kilikuwa kinachungulia nje kama milimita nne. Gitaa lile lilipiga majukwaa mawili likiwa limezibwa nyuma kwa kadibodi na gundi ya karatasi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza "Fundi, ninunue poti ya ngapi?", simtajii namba. Namwambia alete gitaa lenyewe, na rula.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Potenshomita, ambayo mafundi redio wengi huiita volyumu hata ikiwa inafanya kazi ya toni, nitaiita poti. Ina miguu mitatu, njia ya kaboni ndani, na kidole kinachotembea juu ya kaboni hiyo unapozungusha. Poti ya kuvuta, au pushi-puli, ni hiyohiyo ikiwa imepandishwa juu ya swichi ndogo. Ukiizungusha inapunguza sauti kama kawaida. Ukivuta kinobu juu, swichi iliyo chini yake inabadilisha jambo jingine, kwa mfano kuzima koili moja ya hambaka, yaani pikapu ya koili mbili (pikapu ni kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi). Uzuri wake ni kwamba hutoboi tundu jipya kwenye gitaa. Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, alikuwa na Les Paul (gitaa la Gibson) iliyowekewa poti za namna hii ili apate sauti nyingi bila kubadilisha sura ya gitaa, na wengi wanaozitafuta leo wanatafuta kitu hichohicho.

Hakikisha kweli imekufa

Poti inayokwaruza ukiizungusha huenda ni chafu tu. Tafuta sprei ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile isiyoacha mafuta mazito. Sprei ya kulegezea kutu iache gereji. Ingiza mrija wa sprei kwenye uwazi ulio karibu na miguu, piga kidogo, kisha zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Swichi nayo ina uwazi wake pembeni: piga, kisha vuta na kubonyeza mara nyingi tu.

Sikiliza ugonjwa uko wapi. Ikikwaruza unapozungusha, ni njia ya kaboni. Sauti ikikatika unapovuta, ni swichi, au ni waya uliokatikia kwenye mguu wa swichi. Hili la waya ndilo ninalokutana nalo zaidi. Nati ya juu inalegea, mtu anazungusha kinobu na poti nzima inazunguka pamoja nacho, nyaya zinajisokota ndani mpaka mmoja unakatika. Hapo huhitaji poti mpya. Unahitaji spana na tone la lehemu.

Kama shafti imechomoka mkononi, kidole cha ndani kimevunjika, au swichi haikai tena juu, basi nunua. Kwa walio pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani inazimaliza hizi swichi mapema kuliko bara. Ukiweza kuchagua, chukua ile ambayo boksi lake limefunikwa pande zote badala ya ile iliyo wazi ubavuni.

Hesabu nyaya za pikapu kabla ya kuota

Watu wananunua poti ya kuvuta wakitaka kugawa hambaka iwe koili moja, halafu wakifungua gitaa wanakuta pikapu (si ile ya kubeba mchanga) imetoa waya mmoja wa katikati uliozungukwa na wavu wa chuma. Pikapu hiyo haigawiki bila kufunguliwa, na kuifungua si kazi ya meza ya sebuleni: waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele.

Ili ugawe koili unahitaji nyaya nne za rangi, pamoja na wa tano mtupu usio na ganda ambao ni wa ethi (upande wa sifuri wa saketi). Rangi zinatofautiana kwa mtengenezaji. Kwa Seymour Duncan, mweusi ni wa sauti, mweupe na mwekundu vinaunganishwa pamoja, kijani na ule mtupu vinakwenda ethi. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe vinaunganishwa pamoja, kijani na mtupu ethi. Ona mtego ulipo: mweusi wa huyu ni wa sauti, mweusi wa yule ni wa katikati. Usifuate mchoro wa kampuni moja kwenye pikapu ya nyingine.

Pikapu isiyo na jina itafute kwa mita ya umeme (multimita). Weka kwenye kipimo cha 20K (K ni ohmu elfu moja, kipimo cha ukinzani), gusa nyaya mbili mbili. Jozi inayosoma kati ya 3K na 5K hivi ni koili moja. Jozi ya pili ni koili ya pili. Ule mtupu haupaswi kusoma chochote na wenzake. Kisha unganisha koili moja mkiani mwa nyingine na ujaribu kwenye amplifaya. Sauti ikitoka nyembamba, ya puani, na mvumo umezidi, umezipachika kinyume. Geuza nyaya mbili za koili moja tu.

Kama una Strat (Stratocaster ya Fender) yenye pikapu tatu za koili moja moja, usikate tamaa. Poti ya kuvuta inaweza kuwasha pikapu ya shingoni wakati wowote, hata swichi kuu ikiwa upande wa briji. Unapata shingo na briji kwa pamoja, sauti inayokaribia ile ya katikati ya Telecaster, na ukiweka swichi kuu kwenye nafasi ya zile pikapu mbili za nyuma, ya briji na ya kati, unapata zote tatu. Ni nyaya mbili tu. Kwa mpiga rizimu wa dansi, binafsi naona mabadiliko haya yana faida kuliko kugawa hambaka.

Sasa chukua rula

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo nenda polepole.

Kina. Fungua mfuniko wa nyuma, au kwenye Strat ondoa pikigadi (bamba la plastiki la usoni) yote. Pima kutoka upande wa ndani wa ubao au plastiki ambako poti inaegemea, hadi kwenye mfuniko au sakafu ya shimo. Poti ya kawaida inakula mm 12 hadi 15 hivi. Ya kuvuta, kwa sababu ya boksi la swichi, inaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Kila muuzaji makini anaweka mchoro wa vipimo; tafuta urefu kutoka chini ya bushi hadi ncha ya miguu ya swichi, siyo hadi mwisho wa boksi, kwa sababu waya na lehemu navyo vinataka nafasi. Mimi naacha milimita 3 juu ya hapo. Mwili wa Strat una unene wa kama mm 45 na shimo lake huwa halisumbui. SG ni jembamba zaidi. Magitaa ya bei ndogo yenye mwili mwembamba ndiyo yanayoumbua watu. Na yale ya nusu tumbo wazi, familia ya ES-335, yana tatizo jingine kabisa: poti inaingizwa kupitia tundu la umbo la f, na boksi la pushi-puli linaweza lisipite. Kata kipande cha mbao au kadibodi chenye ukubwa wa boksi ulijaribu kwanza.

Upana nao. Boksi la swichi ni la mraba na lina kona. Poti ya zamani ilikuwa duara. Kwenye shimo la Telecaster, ambalo ni mfereji mwembamba, kona hizo hugusa ukuta. Mguu wa swichi ukigusa karatasi ya shaba au ya alumini iliyobandikwa ukutani kuzuia mvumo, gitaa linaweza kunyamaza na utahangaika usiku kucha.

Tundu. Pima kipenyo kwa kalipa, au kwa kupachika keekee moja moja hadi upate inayoingia bila kucheza. Ukikutana na mm 9.5, gitaa lilitobolewa kwa kipimo cha Kimarekani cha inchi 3/8. Mm 7 au 8 ni kipimo cha poti nyingi za Asia. Bushi ndogo kwenye tundu kubwa haina neno: weka washa pana juu na chini, ikaze ikiwa katikati. Bushi kubwa kwenye tundu dogo inahitaji tundu kupanuliwa, na hapa nina kovu langu tayari. Tumia rima ya mkono (chuma chembamba nchani cha kupanulia tundu), zungusha taratibu ukitokea upande wa rangi, na ubandike tepu ya karatasi kwanza. Keekee ya mashine ikiingia kwenye tundu lililopo huuma ghafla na kung'oa vanishi. Kama rima huna, agiza poti ya kipimo cha tundu lako. Ni rahisi kuliko kupaka rangi.

Urefu wa bushi. Hesi inatakiwa ipenye ubao, washa na nati, na ibaki kidogo tu. Kwenye pikigadi ya plastiki au bati la Telecaster, bushi ya mm 6 hadi 9.5 inatosha. Kwenye Les Paul, poti imefungwa kwenye mbao nene yenye kifua kilichopanda, hivyo inatakiwa ile ndefu, kama mm 19. Ukiwa na ndefu pasipo na haja, weka nati ya pili upande wa ndani uipunguze kimo. Ukiwa na fupi kwenye mbao nene, rudisha dukani. Kuchimba mbao kwa ndani ili bushi fupi itokeze kunawezekana, ila siku kijiti cha patasi kitakapotokea upande wa mbele utanikumbuka.

Shafti na kinobu. Shafti yenye meno iliyopasuka katikati ina meno 24 madogo ikiwa ya Kimarekani, na 18 makubwa kidogo ikiwa ya Asia. Hesabu meno ya poti ya zamani kwa kalamu, ukiweka alama ya kuanzia. Shafti laini isiyo na meno huchukua kinobu cha skrubu ya pembeni: ya Kimarekani ni mm 6.35, ya kimetriki mm 6, na kinobu cha mm 6.35 kwenye shafti ya mm 6 kitakaa upande na kuyumba kama gurudumu bovu.

Kwenye poti ya kawaida unaweza kuvumilia kinobu kinachocheza. Kwenye ya kuvuta, hapana. Kila wimbo unakivuta, na siku kitakapokubakia mkononi katikati ya sebene, mwimbaji wako atakutazama kwa namna ambayo hutaisahau. Kwa hiyo ushauri wangu: shafti laini na kinobu cha skrubu. Kama unataka kubaki na vinobu vya asili vya meno, zungushia shafti tepu nyeupe ya mafundi bomba duru moja au mbili kabla ya kukisukuma. Na kinobu cha zamani usikitoe kwa kukinyanyua na bisibisi. Pitisha kitambaa chembamba chini yake, shika ncha mbili, vuta juu.

Namba na herufi

Baada ya chuma kukubali, ndipo ohmu zinaingia.

Kanuni ya jumla ni 500K kwa hambaka na 250K kwa koili moja. Sababu ni kwamba poti, hata ikiwa wazi hadi mwisho, inavujisha sehemu ya sauti za juu kwenda ethi. Kadiri ukinzani unavyokuwa mkubwa, ndivyo kinachovuja kinavyopungua. Hambaka ni nzito kwa asili, kwa hiyo inapewa 500K ibaki na uwazi. Koili moja ni kali kwa asili, 250K inaituliza. Ukibadilisha hizi mbili gitaa haliharibiki. Hambaka kwenye 250K itasikika kama imefunikwa kitambaa, koili moja kwenye 500K itakata masikio ukiwa karibu na spika. Pikapu zenye betri kama za EMG zinatumia 25K, na hizo ni dunia nyingine. Usizichanganye na mwongozo huu.

Kumbuka pia kwamba namba iliyoandikwa si ahadi. Poti nyingi zina uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini, yaani "500K" inaweza kuwa 400K au 600K na muuzaji hajakudanganya.

Herufi inaonyesha mwendo. Kwenye poti nyingi za sasa, A ni mwendo wa logi, B ni mwendo mnyoofu. Sikio letu halisikii ukubwa wa sauti kwa mstari mnyoofu, hivyo poti ya A husikika ikipanda taratibu na sawasawa, wakati B husikika kama inabaki juu muda mrefu halafu inaporomoka yote karibu na sifuri. Kwa toni chukua A bila kubishana. Kwa volyumu, wengi A. Ila anayetumia volyumu kupunguza kidogo tu ukali wa distoshen huenda akapenda B. Anayepiga kwa mkono wa kushoto na anataka kinobu kizunguke kinyume, atafute C, ambayo ni logi iliyogeuzwa. Poti za zamani za Ulaya wakati mwingine ziligeuza maana ya A na B, kwa hiyo mita ndiyo shahidi: weka kinobu katikati kabisa, pima kati ya mguu wa katikati na ule wa upande wa sifuri. Mnyoofu wa 500K utasoma karibu 250K. Logi itasoma kama 50K hadi 100K.

Kuvuta au kubonyeza?

Ipo pia pushi-pushi: unabonyeza inapanda, unabonyeza tena inashuka. Kama vinobu vyako ni vya Strat, vile vyenye sketi pana iliyolala juu ya plastiki, kuvipata kwa kucha huku jasho likitiririka ni taabu, na pushi-pushi ni nafuu kubwa. Ubaya wake, mkono unaopiga rizimu kwa nguvu unaweza kuigusa bila kukusudia. Mwenye Les Paul abaki na kuvuta.

Kwa vyovyote vile, swichi iwe na miguu sita, mistari miwili ya miguu mitatu mitatu. Kwenye maelezo huandikwa DPDT. Mtego wa maduka ya vifaa vya redio, iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, ni kwamba ukiomba "volyumu yenye swichi" unaweza kupewa ile ya kuwashia redio, yenye miguu miwili tu ya swichi. Hiyo inajua kuwasha na kuzima basi. Haiwezi kuchagua kati ya njia mbili.

Dukani, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Nenda na mita na poti ya zamani mfukoni. Pima miguu miwili ya nje upate jumla. Hamishia waya mmoja wa mita kwenye mguu wa katikati, zungusha polepole: namba ipande bila kuruka. Kisha weka mita kwenye mlio, gusa mguu wa katikati wa swichi na wa juu yake, halafu wa chini yake, kinobu kikiwa chini, kisha kikiwa juu. Fanya pande zote mbili. Mlio uwe safi, usikatekate. Vuta na kubonyeza mara kumi, pima tena. Shafti ikiwa juu, itikise kushoto na kulia: kucheza kidogo ni kawaida, kulala upande si kawaida.

Andika kwenye karatasi mguu upi unaunganika na wa katikati kinobu kikiwa juu. Utauhitaji nyumbani, na watengenezaji hawafanani.

Kuifunga

Kabla hujakata waya hata mmoja, piga picha. Ya karibu, ya mbali, na ya upande.

Nitaeleza kugawa hambaka ya Seymour Duncan. Wa DiMarzio abadilishe rangi kama nilivyotaja. Mweusi unabaki unakokwenda siku zote, kwenye swichi kuu au mguu wa kuingilia wa volyumu. Kijani na mtupu, ethi. Mweupe na mwekundu vilehemu pamoja kwenye mguu wa katikati wa upande mmoja wa swichi. Ule mguu ulioandika kwamba unaunganika kinobu kikiwa juu, upeleke ethi kwa kipande cha waya. Basi. Kinobu kikiwa chini, kiungo cha mweupe na mwekundu hakigusi ethi na hambaka inafanya kazi nzima. Ukivuta, kiungo kinakwenda ethi, koili moja inabaki na ethi kichwani na mkiani, inanyamaza. Iliyobaki inapiga peke yake.

Sasa una upande wa pili wa swichi, miguu mitatu haina kazi. Watu wanauacha, nami naona ni hasara. Tatizo la hambaka iliyogawiwa ni kwamba ghafla una koili moja kwenye poti ya 500K, na inatoka kali na nyembamba. Chukua rezista ya 470K, ambayo ni bei ya pipi. Mguu wa katikati wa upande wa pili uunganishe na waya wa sauti wa pikapu hiyo. Mguu unaogusana nao kinobu kikiwa juu, weka rezista, na ncha nyingine ya rezista ethi. Ukivuta, 500K na 470K zinakuwa sambamba na pikapu inaona kama 242K, yaani ile 250K ambayo koili moja inaipenda. Ukibonyeza, rezista inatoka na hambaka inarudishiwa 500K yake. Nimewafungia wengi hivi na hakuna aliyerudi kuomba nitoe.

Kwa ile ya Strat ya kuongeza pikapu ya shingoni: mguu wa katikati uende kwenye mguu wa pikapu ya shingo pale swichi kuu, mguu unaofungwa kinobu kikiwa juu uende kwenye mguu wa kutokea wa swichi kuu.

Upande wa lehemu. Poti ya kawaida ina mgongo mpana wa kulehemia nyaya zote za ethi. Ya kuvuta haina, mgongo wake ni swichi. Kusanya nyaya za ethi kwenye mgongo wa poti jirani ya kawaida, au kwenye pete moja ya chuma, kisha leta waya mmoja hadi kwenye ganda la chuma la poti ya kuvuta. Kama ni ya volyumu, usisahau mguu wa tatu: kwenye poti ya zamani ulikuwa umepindwa na kulehemiwa mgongoni, kwenye mpya unautafutia ethi kwa waya. Na waya unaotoka kwenye briji, ule wa ethi ya nyuzi, urudi mahali pake. Ukiuacha, gitaa litavuma hata ukishika nyuzi.

Mgongo wa chuma ukwangue kwa msasa, tumia pasi ya wati 40 hadi 60, lehemu ikolee haraka kisha ondoka. Kwenye miguu ya swichi fanya kinyume: pasi ndogo, sekunde mbili au tatu. Miguu hiyo imeshikwa na plastiki. Ukiganda hapo, plastiki inalainika, mguu unahama nusu milimita, na swichi mpya imekufa kabla haijaonja jukwaa. Paka lehemu mguu, paka lehemu waya, ndipo uvikutanishe. Acha nyaya na ulegevu kidogo.

Kabla ya skrubu ya kwanza

Chomeka kebo ya gitaa kwenye jeki, volyumu zote juu, chagua pikapu uliyoifanyia kazi. Kwenye ncha nyingine ya kebo, gusa mita: waya mmoja kwenye ncha, mwingine kwenye shina. Hambaka ya 8K isome karibu 7.9K. Vuta kinobu: ishuke hadi karibu nusu, 4K hivi. Ikisoma sifuri, umeipeleka sauti yenyewe ethi badala ya kiungo cha katikati. Isipobadilika, ama umetumia mguu usio sahihi wa swichi, ama nyaya za katikati hazijashika. Toni haitaingilia kipimo hiki, kapasita yake inazuia mkondo wa mita. Namaliza kipimo hiki kwanza ndipo nawasha amplifaya, kisha nagonga pikapu kwa bisibisi kusikia koili ipi inaitika.

Utakaposikia mvumo umeongezeka ukiwa umevuta, usifungue tena gitaa. Hambaka ilikuwa inafuta mvumo kwa sababu ya koili zake mbili zinazopingana. Umeondoa moja, mvumo umerudi, kama kwenye koili moja yoyote. Kwenye kumbi ambazo ethi ya jengo ni ya kubahatisha utasikika zaidi. Geuka uelekeo tofauti na taa na transfoma, sogea mbali na amplifaya. Kukata pini ya ethi ya amplifaya ili mvumo upungue, kama nilivyoona wengine wakifanya, ni kujiweka wewe mwenyewe kuwa waya wa ethi.

Kaza nati ukiwa umeshika boksi kwa ndani lisizunguke. Funika.

Poti uliyoitoa, itazame kabla ya kuitupa. Kama gitaa ni la zamani la Kimarekani, huenda mgongoni au ubavuni kuna namba iliyogongwa kama 1377633. Tatu za mwanzo, 137, ni za CTS, kampuni iliyoanza mwaka 1896 kwa jina la Chicago Telephone Supply. 76 ni mwaka 1976, na 33 ni wiki ya mwaka huo. Mnunuzi wa gitaa kuukuu anaitafuta namba hiyo ajue umri wake. Itie kwenye bahasha, iweke kwenye mfuko wa kasha la gitaa pamoja na ile karatasi uliyoandikia miguu ya swichi.